Kabla ya Kununua Betri Nyingine

Gari likigoma kuwaka katika mtaa wowote wa Bariadi, halikosi matabibu. Mwenye duka atasema ni betri, kijana wa bodaboda atasema ni stata, na mpita njia atasema wote wawili wamekosea, kwani kwa sauti aliyoisikia hiyo ni altaneta. Kila mmoja hutoa rai yake kwa nia njema na bila malipo. Malipo huja baadaye, pale familia inapochukua fedha iliyotengwa kwa ada ya shule au kwa matibabu, ikanunua kifaa kipya, na kesho yake asubuhi gari likanyamaza vilevile.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu namna ya kuepukana na hasara hiyo. Yanahusu pia jambo jingine ambalo hatukulitarajia, nalo lilitukuta kupitia gari letu wenyewe.

Katika nyumba yetu gari si la fahari. Mama yetu mzazi anaugua kisukari, na kila baada ya miezi michache hutakiwa kufika kliniki. Simiyu ilifanywa mkoa mwaka 2012 na Bariadi ikawa makao makuu yake, lakini kwa tiba za kibingwa wengi wetu bado tunaelekea Mwanza, Hospitali ya Bugando, kwa njia ya Lamadi. Mgonjwa wa sukari aliyekwisha kunywa dawa zake hawezi kusubiri barazani hadi saa nne huku watu wakisukuma gari.

Jirani yetu, mwalimu anayekaribia kustaafu, alipotaka kuuza gari lake dogo la mwaka 1998, lililoingia nchini likiwa limekwisha kutumika Japani, tulikwenda kuliona. Mwalimu hakuficha kitu. Kabla hatujauliza bei alitueleza kwamba gari lina tabia ya kugoma asubuhi, kwamba ndani ya mwaka mmoja alikuwa amebadilisha betri mara mbili, na kwamba fundi alimwambia mfumo wote wa umeme umechoka. Kwa sababu hiyo alipunguza bei kwa kiasi kikubwa, nasi tukanunua tukijua tunachonunua.

Maelezo yake ndiyo yaliyotuonyesha pa kuanzia. Betri nzuri hudumu miaka kadhaa. Betri mbili zikifa ndani ya mwaka mmoja, kuna kitu kinachoziua, na betri ya tatu ingeuawa na kitu hichohicho. Badala ya betri, basi, tulinunua mita ndogo ya kupimia umeme, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri.

Ni vyema tueleze kwanza kazi ya stata. Zamani dereva alizungusha injini kwa hendeli, na mkono wake mara nyingine ulivunjika. Mwaka 1911 mhandisi Mmarekani Charles Kettering alitengeneza stata ya umeme, na mwaka uliofuata magari ya Cadillac yakaanza kuuzwa yakiwa nayo. Kazi ya mkono ikahamia kwenye betri. Stata ya gari dogo huvuta ampea mia moja au zaidi kwa sekunde chache, ilhali redio huvuta ampea chache tu. Ndiyo maana taa na redio huweza kufanya kazi vizuri na bado stata isizunguke: njia iliyoziba nusu hupitisha umeme mdogo, lakini umeme mkubwa hukwama.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua nati yoyote, gari lisikilizwe. Ukigeuza ufunguo ukasikia tak-tak-tak ya haraka huku taa zikififia, betri imeishiwa au vichwa vyake vimelegea. Ukisikia mlio mmoja tu, na taa zikabaki zinawaka vizuri, itazame stata yenyewe na nyaya nene zinazoihudumia. Pasiposikika kitu kabisa, angalia fyuzi, rilei na swichi ya ufunguo. Na kwa gari la otomatiki jaribu kuweka gia kwenye N badala ya P, kwani swichi ya gia ikichakaa huzuia umeme usifike kwenye stata. Stata ikizunguka kwa nguvu na injini isiwake, hapo tatizo limehama: litafutwe kwenye mafuta au kwenye plagi.

Gari letu lilitoa mlio mmoja, na taa hazikufifia. Tulivuta breki ya mkono, gia ikawa huru, tukavua pete na saa ya mkononi, kwa sababu chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja huunguza. Mmoja wetu alikaa kwenye usukani, mwingine akashika mita, na binti yetu wa kidato cha pili akaandika namba kwenye daftari. Betri ikiwa imepumzika usiku kucha ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Ufunguo ulipogeuzwa ilishuka hadi 12.1 tu. Betri dhaifu ingeporomoka chini ya 10. Basi betri ilikuwa nzima, na haikuwa inaombwa kazi kubwa.

Kipimo kilichofuata ndicho kilichofichua siri. Tuliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha ufunguo ukageuzwa. Kati ya sehemu hizo mbili hapatakiwi kupotea hata nusu volti. Sisi tulisoma 5. Waya wa hasi unaofungwa kwenye injini ulikuwa umeliwa na kutu chini ya bolti yake, mahali pasipoonekana. Anayezijua mbuga zetu za Simiyu hatashangaa. Udongo mweusi unaootesha pamba hunata chini ya gari wakati wa mvua na kushikilia unyevu kwa majuma mengi. Tulifungua kichwa hasi cha betri kwanza, tukaweka waya mpya, tukasugua chuma kwa msasa hadi kikang'aa, tukakaza na kupaka grisi. Gharama yote ilikuwa chini ya bei ya mafuta ya safari moja ya Mwanza.

Gari likawaka kila asubuhi. Lakini lilipokaa siku nne bila kutumika, betri iliisha. Hiki kilikuwa kisa cha pili, na ndicho kilichoziua betri za Mwalimu. Injini ikiwaka tulisoma 14.2, kwa hiyo altaneta ilikuwa ikichaji ipasavyo. Tukazima kila kitu, tukafunga milango, na kupitisha umeme wa betri ndani ya mita iliyopangwa kupima ampea. Katika kipimo hiki ufunguo usiguswe kamwe, la sivyo fyuzi ya mita itaungua. Baada ya nusu saa gari lililolala halitakiwi kuvuta zaidi ya ampea 0.05. Letu lilivuta 0.5. Betri ya ampea 60 kwa saa humalizwa na mvuto huo kwa saa 120, yaani siku 5, na stata hushindwa kabla ya siku hizo kutimia. Tulichomoa fyuzi mojamoja hadi namba ikashuka ghafla: ilikuwa ya redio, ambayo aliyeifunga aliiunganishia umeme usiokatwa na ufunguo. Waya mmoja ulihamishwa, na kisa kikaisha.

Hapo likazuka suala ambalo mita haiwezi kulipima. Mwalimu alipunguza bei akiamini anauza gari lenye maradhi makubwa. Maradhi yenyewe yalikuwa kutu na waya wa redio. Mmoja wetu alisema kwamba biashara ilifungwa kwa ridhaa, na siku ile sisi pia hatukujua lolote. Mwingine akasema kwamba hayo ni kweli, lakini kila tutakapompita Mwalimu barabarani tutakuwa tunajua asichokijua. Muuzaji kubainisha aibu ya bidhaa yake ni wajibu unaofahamika, na Mwalimu aliutimiza barabara. Habari njema inayogunduliwa na mnunuzi baadaye, je, ni yake peke yake? Mama alitusikiliza kwa muda, kisha akasema, "Nendeni mkamwambie, wanangu. Mengine mtaelewana hukohuko."

Tulikwenda baada ya Alasiri, na daftari mkononi, tukampa rai ya kumwongezea sehemu ya bei. Mwalimu alivaa miwani, akasoma namba zote mstari kwa mstari, akatikisa kichwa alipofika kwenye ile 0.5.

"Jirani zangu," alisema, "bei niliipanga mwenyewe, na mimi niliuza usumbufu. Fedha yenu siichukui. Lakini nina kijana wangu anajifunza kazi gereji. Kule wanamfundisha kubadilisha. Nataka mumwonyeshe kupima."

Tangu wakati huo kijana huyo huja nyumbani kila Jumamosi. Amejipimia magari matatu ya mtaani na kuyaandika kwenye daftari lake mwenyewe, na mawili kati ya hayo hayakuhitaji betri wala stata, bali maji moto yenye magadi kidogo ya kusafishia vichwa vya betri vilivyoota chumvi nyeupe.

Mama hajui volti ni nini. Ila kila usiku wa kuamkia kliniki, baada ya kupanga dawa zake, huuliza akiwa chumbani, "Imesoma ngapi?" Tukimjibu kumi na mbili nukta sita, huzima taa na kulala.