Mkono wa Idi

Lifikapo kumi la mwisho la Ramadhani, njia za Darajani hufunikwa na vichezeo. Hutandazwa juu ya maturubali na meza za mbao: magari ya plastiki, wanasesere wenye nywele za manjano, saa za mkono zisizotembea, miwani myekundu, bastola za kumwaga maji. Muuzaji huvinadi kwa rangi zake, na mnunuzi huishachagua kwa jicho kabla hajaulizia bei. Aghalabu mtu hatambui kuwa soko zima limepangwa kwa ajili ya macho, mpaka siku anapokwenda kumnunulia mtoto asiyeona.

Mtoto ninayemsema ni binti wa mpwa wangu. Ana miaka minne na tangu kuzaliwa haoni. Babu yake mzaa mama ameshatangulia mbele ya haki, kwa hivyo mkono wa Idi wa upande huo umeniangukia mimi. Jamaa wengine humpa noti. Humfumba kiganja juu yake, humwombea dua ndefu, na baada ya muda mfupi noti huhamia mkobani mwa mama. Binamu zake hapo wameshatoka mbio na filimbi zao. Yeye amebaki barazani na dua. Sisemi kuwa dua si kitu. Nasema kuwa mtoto wa miaka minne hali noti wala haichezei, na kwamba huruma ya haraka mara nyingi ni njia ya kuepuka kufikiri.

Kazi ya kufasiri imenizoesha kulitilia shaka kila neno linalojifanya jepesi, na "kuona" ni mojawapo. Sisi Waswahili huona njaa, huona baridi, huona haya, huona uchungu. Yote hayo hayapiti machoni. Harufu nayo twaisikia. Mtoto huyu akishakipapasa kitu husema, "Nimekiona," na wageni hutazamana kwa masikitiko. Kwa nini wasikitike? Hajakosea sarufi hata kidogo. Na tukiwa katika sarufi, tazama neno "kipofu": umbo lake limewekwa pamoja na kiti na kisu, lakini upatanisho wake ni wa watu, kwani twasema kipofu amekuja, si kimekuja. Lugha imemrudishia kwa kitenzi kile ambacho jina lilitaka kumpokonya. Jamaa zetu hawajafika huko bado. Nyumbani neno analolisikia zaidi mtoto huyu ni "usiguse".

Basi nilikwenda Darajani nikafumba macho, nikavishika vitu kimoja kimoja, na wauzaji wakaniachia kwa heshima ya mvi. Wanyama wa plastiki ndio walionishangaza. Tembo na paka walikuwa na ukubwa mmoja, ngozi moja na harufu moja. Mwenye macho humtambua tembo kwa kuwa amewahi kuiona picha yake. Asiyewahi kuiona hupewa kipande cha plastiki chenye miguu minne na kuambiwa akiamini. Gari dogo nalo vivyo hivyo. Kwa mtoto huyu gari ni mlango mzito, kiti cha joto, mtetemo chini ya mapaja na harufu ya petroli. Kidude cha magurudumu manne kisichozidi kiganja hakifanani na hayo kwa lolote.

Muuzaji mmoja, alipoelewa shida yangu, alinitolea simu ya betri inayoimba. Hii ndiyo zawadi ambayo kila mtu humfikiria asiyeona: kelele. Ukibonyeza hapa huimba, ukibonyeza pale huimba wimbo uleule. Mtoto hubonyeza tu. Kichezeo ndicho kinachocheza.

Nilipokuwa nikijifunza Kiarabu peke yangu, nilikisoma kitabu cha Taha Hussein, al-Ayyam, kwa kamusi na subira. Mwandishi huyo wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1889 na kupoteza macho angali mdogo, anasimulia mchezo alioupenda utotoni: alikusanya vipande vya chuma, akajitenga navyo pembeni mwa nyumba, akavipanga, akavitawanya, akavigonganisha. Alipochoka alisimama karibu na ndugu zake wakicheza, akaufuata mchezo wao kichwani bila mikono yake kuugusa. Mtoto huyo alikuja kuwa Waziri wa Elimu wa nchi yake mwaka 1950, na watu hupenda kuirukia habari hiyo. Mimi hunasa palepale pembeni mwa nyumba. Vyuma vile vilikuwa na uzito, baridi na mlio. Vilimtosha kwa kila jambo isipokuwa moja: hakuna mwenzake aliyevitaka.

Hapo nikapata kipimo changu. Kichezeo kiwe kizuri mkononi, na pia kiwe kitu ambacho binamu zake watakigombania.

Tiara ingefaa sana, kwa maana anayeshika uzi huusikia upepo ukivuta, na macho hayamwongezei mengi. Lakini mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kwa siku 11 hivi, na miaka hii Idi Ndogo imekuwa ikiangukia ukingoni mwa masika. Tiara nimeiahirisha hadi Idi Kubwa, kusi likishaanza. Mpira nilimshonea wa matambara, nikatia njuga tatu ndani. Una kasoro moja: ukitulia hunyamaza, na ukinyamaza umepotea. Tumeufunga kwa kamba ndefu kwenye nguzo ya uani. Ukimpotea, huifuata kamba.

Zawadi yenyewe hasa ilikuwa bao: mti uliochongwa mashimo 32 katika safu nne, na kete 64 za komwe. Komwe ni baridi ukiitoa mfukoni na vuguvugu ikishakaa kiganjani, na ikianguka juu ya mti ina mlio wake. Bao ni mchezo wa mkono: mtu huokota, husambaza shimo kwa shimo, hulala. Sikutazamia kuwa mtoto wa miaka minne ataujua mchezo wa wazee. Hata watu wazima wengi hawaujui, ingawa hawakubali. Nilitaka vidole vyake vijifunze safu na hesabu, kwa kuwa siku moja, inshallah, vitasoma nukta nundu, ambazo nazo ni sita tu katika safu mbili.

Mama yake alikuwa na hofu ya haki. "Mjomba, atazimeza."

Tukakubaliana: kete zikae mkobani, asizichezee bila mtu mzima, na zihesabiwe kila zinaporudishwa. Sikukuu mosi alikaa mkekani tangu adhuhuri, akitia mbilimbili, akitoa, akitia tena. Binamu yake wa miaka sita aliacha bastola ya maji akaja kukaa upande wa pili. Walizua kanuni zao, ambazo mzee yeyote wa bao angezilaani, na wakagombana juu yake kwa sauti mpaka alasiri. Jioni mama yake alizihesabu, zikatimia 62. Nyumba nzima ilipinduliwa kwa hofu, mpaka mbili zilizobaki zikakutwa mfukoni mwa kanzu ya yule mvulana.