Ua wa Ngoma na Magurudumu

Sisi watoto wa Kakamega wa miaka ya 1980 tuliteleza kwa beringi. Tulizunguka gereji za mjini tukiomba zile zilizokwisha, ambazo fundi alikuwa amezing'oa kwenye magari na kuzitupa ndani ya debe la oili chafu. Tulizisugua kwa mafuta ya taa mpaka zikaanza kuzunguka, tukachonga ekseli za mti, tukazipachika huku na huku, kisha juu tukapigilia ubao wa kukalia. Mbele tulifunga kamba ya kuongozea. Gari hilo lilisikika kabla halijaonekana. Lilidai kitu kimoja tu, sakafu ngumu iliyo laini, kwa sababu kwenye barabara za vumbi beringi hujaa mchanga na kukwama.

Sakafu ya namna hiyo ilikuwa adimu. Lami ya barabara kuu ilikuwa ya malori na mabasi. Tulichobakiwa nacho ni ua wa ukumbi mmoja wa umma, uliopigwa niru na fundi aliyeijua kazi yake, wenye baraza pana lililoezekwa mabati. Baraza hilo lilikuwa na thamani kubwa. Kakamega ni mji wa mvua. Ikifika alasiri, miezi mingi ya mwaka, mbingu hufunga na maji humwagika. Palipo na paa na sakafu kavu ndipo watoto hukimbilia.

Katika ua huohuo ndipo nilipojifunza ngoma ya isikuti. Wazee wa jamii za Isukha na Idakho walikuja kufanya mazoezi kabla ya sherehe na mashindano, na ngoma zao tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya kupuliza na njuga za chuma. Sisi tulikuwa tumekuja kuteleza. Ngoma zilipoanza tuliegesha magari yetu ukutani tukatazama, na baada ya wiki kadhaa mzee aliyepiga ngoma kubwa akaniita, akanitia ile ndogo kwapani, akanishika kifundo cha mkono kunionyesha pigo. Wenzangu wengi walioingia ngomani waliingia kwa mlango huohuo. Hakuna aliyewaita. Walikuwa tayari wako uani.

Miaka ya 2000 ilipofika, beringi zilianza kupotea. Kwenye marundo ya mitumba vilitokea viatu vya skeiti, vingine vikiwa na magurudumu manne kwenye mstari mmoja, na vijana wakavigombania. Mpwa wangu alivipata vya saizi kubwa kuliko mguu wake, akajaza matambara kwenye ncha. Mimi nilijifunza kwa kuanguka na kamba na ubao. Yeye alijifunza kurudi kinyumenyume na kuruka ngazi kwa kutazama video kwenye simu. Hata hivyo sakafu ilikuwa ileile ya niru, na baraza lilelile. Jumamosi asubuhi ilikuwa ya ngoma, alasiri ya magurudumu, na katikati palikuwa na saa moja ambapo wote walikuwapo pamoja.

Baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013, mji ulibadilika kwa kasi. Barabara zilitiwa lami, taa zikawekwa, na uwanja wa Bukhungu ukajengwa upya hadi ukapokea mechi za Kombe la CECAFA mwaka 2017. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isikuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, na miongoni mwa sababu ni kwamba wajuzi wake wanazeeka na vijana hawafuati. Kandanda ilikuwa imepata nyumba. Nasi wapenzi wa sanaa tulianza kuota yetu: jukwaa, vyumba vya kuvalia, ghala la kutunzia ngoma zisiharibiwe na unyevu. Nilitaka jengo hilo kwa moyo wangu wote, na bado nalitaka.

Ramani ya kuufanyia ukarabati ukumbi wetu ilipoletwa mbele ya wananchi, niliitazama kwa furaha. Kisha kijana mmoja aliyesimama nyuma, viatu vyake vya skeiti vimening'inia shingoni, akaomba nafasi, akauliza: "Wazee wetu, shikamooni. Hapo mlipochora maua na kabro, sisi tutatelezea wapi?" Alijibiwa kwamba hakuna atakayefukuzwa. Na kweli, hakuna aliyefukuzwa. Lakini kabro ina viungo, na gurudumu dogo likigonga kiungo kwa mwendo, mtu huenda chini. Miezi michache baada ya ua kutandikwa matofali hayo ya kupendeza, vijana walikuwa wamehamia barabarani usiku, wengine wakishikilia matatu kwa nyuma kupanda mlima. Mazoezi ya ngoma yaliendelea, ila ukutani hapakuwa na mtoto wa kuitwa.

Mgogoro huu umewahi kutokea kwenye miji yenye fedha nyingi kuliko wetu. Jijini London, chini ya ukumbi wa Queen Elizabeth Hall uliofunguliwa mwaka 1967, kuna nafasi ya zege yenye miinamo na nguzo ambayo wachezaji wa skeiti waliigundua mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nayo ilipendwa kwa sababu ni kavu wakati wa mvua. Mwaka 2013 kituo cha sanaa cha Southbank kilitangaza mpango wa kupanua majengo yake, na nafasi hiyo ingegeuzwa maduka na mikahawa ili isaidie kulipa gharama. Vijana waliahidiwa pahali pengine karibu, chini ya daraja. Walikataa, wakakusanya sahihi nyingi, na Septemba 2014 pande mbili zikatia saini makubaliano kwamba skeiti itabaki pale pale. Kilichofuata kinanivutia zaidi: waliokuwa mahasimu walichangisha fedha pamoja, na mwaka 2019 sehemu ya nafasi hiyo iliyokuwa imezibwa ikafunguliwa tena.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna mifano iliyoanza bila ugomvi. Kitintale, Kampala, vijana walijijengea uwanja wa skeiti wa saruji mwaka 2006. Kangemi, Nairobi, kuna Shangilia Mtoto wa Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1994 na mwigizaji Anne Wanjugu kwa ajili ya watoto wa mitaani, chombo chake kikiwa ni maigizo. Miaka baadaye, kwa msaada wa shirika la Ujerumani liitwalo skate-aid, ukajengwa uwanja wa skeiti ndani ya boma hilohilo. Mtoto wa Shangilia anaweza kutoka kwenye mazoezi ya tamthilia akapanda ubao. Hakuna aliyelazimika kuchagua.

Kwa hiyo ninaposikia sasa mtu akisema sanaa ni ya jukwaani na skeiti ni ya barabarani, namkatalia. Isikuti haitaokolewa na ghala zuri la ngoma. Itaokolewa na mtoto wa miaka kumi aliyekaa karibu vya kutosha kuisikia bila kualikwa, na mtoto huyo hukaa pale penye kitu chake. Ukimwondolea sakafu umeiondolea ngoma mrithi.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na kushirikishwa si kuonyeshwa ramani iliyokwisha kuchorwa. Mchoraji aje Jumamosi, aone nani anatumia ua na saa ngapi, ndipo ashike kalamu. Kwenye ukumbi wetu, gharama ya kurekebisha haingekuwa kubwa: kabro ibaki kwenye njia za miguu, na upande wa baraza upigwe niru tena, paa lirefushwe, taa moja iwekwe, na saa za ngoma na za magurudumu ziandikwe katika kanuni za ukumbi ili meneja mpya asizifute. Nimelipeleka pendekezo hilo kwa maandishi, nimelitia saini pamoja na wapiga ngoma na vijana wa skeiti, na tutalifuatilia mpaka lijibiwe.