Kitabu Kimoja kwa Vikundi Vyote

Tangu tuache kutuma orodha za michango kwa WhatsApp, wengi munatuuliza ni kwa sababu gani, na kile kitu kipya katika kompyuta ya biro kinatumika namna gani. Tunajibu hapa, maana sokoni hatumalizi kueleza.

Kwa muda mrefu hesabu za vikundi vyetu vya Kadutu, Ibanda na Bagira zilikaa ndani ya Excel. Hatuisemi vibaya, inajumlisha vizuri. Shida ni kwamba faili moja ilizaa nyingine nyingi. Nakala hii katika fleshi ya sekretere, ile katika simu, nyingine kwa mweka hazina, moja ikiitwa "ya mwisho" na mwenzake "ya mwisho kabisa". Namba ya simu inayoanza na sifuri, Excel inaiona kama hesabu na kuitupa ile sifuri, isipokuwa umeiambia kwanza kwamba ni maandishi. Dola na franka zilipangwa pamoja. Mama mmoja aliandikwa huku kwa jina la karti ya uchaguzi, kule kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akawa watu wawili: mmoja analipa, mwingine ana deni.

Hilo la majina halikuchekesha mtu. Mwenzetu mmoja alijifungua kwa kupasuliwa, na maternite ikakataa kumwachilia mpaka bili ilipwe. Sanduku letu la msaada lipo kwa ajili ya hayo. Lakini nakala iliyofunguliwa siku ile ilionyesha kwamba hajachanga miezi mitatu, na sheria yetu inasema mwenye deni angoje. Mume wake alipanda na kushuka mlima, vikaratasi vya malipo mkononi. Michango yote ilikuwa imeandikwa, tena kwa wakati. Ilikuwa tu katika nakala nyingine. Yule mama alilala pale siku nne zaidi, na kila siku ikaongezwa kwenye bili.

Binti wa mmoja wetu anasoma informatike. Tulipomwita, sisi tulizungumza juu ya rangi na michoro. Yeye akauliza sanduku letu la chuma linafungwa namna gani. Munajua wote: kufuli tatu, funguo tatu, mikono mitatu. Vikundi vya akiba vya namna hii vilianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na kufuli hizo zimesafiri kuliko sisi. Akasema, basi kompyuta nayo ifungwe hivyo.

Sasa kitabu ni kimoja. Kinakaa katika kompyuta ya biro, ambayo inatoa wifi yake ndogo, na masekretere wanaingia kwa simu zao bila kununua mega. Umeme ukikatika, betri inatusukuma mpaka mwisho wa mkutano. Kila mama ana namba moja isiyobadilika hata akihama, na majina yake yote yanakaa chini ya namba hiyo. Franka ina nafasi yake, dola yake, na bei ya dola ya siku ile inaandikwa kando. Sekretere anaandika, mweka hazina anathibitisha. Kila Ijumaa nakala inawekwa katika fleshi mbili zinazolala nyumba mbili.

Tena hakuna anayeweza kufuta. Kama tarakimu si sawa, unaandika sahihisho chini yake na jina lako linabaki pale. Hapo tulibishana jioni nzima. Wengine walisema ni kuitana wezi. Mama mmoja mzee, ambaye hasomi, akajibu kwamba maharagwe yake yanapimwa mbele ya mteja tangu ujana wake na hakuna aliyewahi kujisikia ametukanwa. Ni yeye pia aliyedai kwamba mwisho wa kila mkutano hesabu ya kila mtu isomwe kwa sauti. Tunafanya hivyo, hata kama inachelewesha kurudi nyumbani.

Jumamosi hii ni zamu ya Bagira kuingizwa. Leteni vitabu vyenu vya zamani, hata vilivyoloa mvua, na mutaje majina yote munayoitwa. Wenye simu za vibonye wasijali: masekretere watawaandikia.