Pasaka tulipanda Kahuzi kuwaona jirani zetu

Wengi mmetuuliza safari ya likizo ya Pasaka ilikuwaje. Wengine mmeuliza, tena kwa sauti, kwa nini pesa ya sanduku itoke kwa ajili ya kwenda kuangalia nyama. Tunajibu maulizo yote mawili.

Safari hii ilizaliwa darasani. Sisi walimu tulio katika chama tunafundisha watoto kusoma Kifaransa, na katika kitabu chao kuna habari ya dubu. Watoto wanaijua kwa kichwa: dubu analala msimu wote wa baridi, anaamka theluji ikiyeyuka, anatoka kutafuta chakula na watoto wake. Siku moja tuliwauliza nani amekwisha kumwona gorila. Hakuna mkono uliopanda. Mmoja alisema alimwona kwenye televizyo. Mwingine akauliza kama gorila anakaa Amerika. Na mawingu yakitoka asubuhi, mlima Kahuzi unaonekana kutoka penye watoto hao wanachezea.

Kisha mtoto mmoja wa kike akauliza: «Madamu, na dubu wa Afrika wako wapi?»

Hatukuwa na jibu, tukaenda kulitafuta. Afrika ilikuwa na dubu. Waliishi kaskazini, katika milima ya Atlas, upande wa Maroko na Aljeria. Watu waliwawinda, misitu ikapungua, na katika karne ya 19 wakakwisha. Leo mtoto wa Maroko anamjua dubu kama mtoto wa Bukavu anavyomjua, kwa picha tu. Jibu hilo ndilo lililotupandisha garini.

Tuliondoka Nyawera saa kumi na mbili asubuhi, wamama 11 na watoto 9 katika minibisi moja, na chakula ndani ya vikapu: mayai, mihogo, sambaza wa kukaanga na termosi tatu za chai. Mvua ya Aprili ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipita soko la Mudaka, tukafika Miti, na pale tukaiacha barabara ya Kavumu tukashika ile inayopanda kuelekea Bunyakiri. Ni kilometa 30 na kidogo tu kutoka mjini, lakini matope yalitufanya tuzihesabu moja moja. Baada ya mashamba ya chai baridi ikaanza kuuma. Wamama waliokuja na kitenge kimoja walijuta.

Tshivanga ndiyo mlango wa parki. Kiongozi wetu alitukusanya chini ya paa akaanza na historia. Parki ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, na Mbelgiji Adrien Deschryver ndiye aliyeipigania sana. Mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka bondeni, ikafika kilometa za mraba 6.000. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia, na mwaka 1997, wakati wa vita, ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Milima miwili ndiyo iliyoipa jina: Kahuzi, wenye meta 3.308, na Biega, meta 2.790.

Halafu akatoa sheria. Kwa gorila haendi mtu mwenye homa wala kikohozi, kwa sababu magonjwa yetu yanawashika na yanaweza kuwaua. Kila mtu avae maski. Kukaa nao ni saa moja, si zaidi. Na asiyetimiza miaka 15 hapandi. Watoto wetu walisikia hiyo ya mwisho, nyuso zikaanguka. Ni kosa letu, tungeuliza mbele ya kuahidi. Mkipanga safari yenu, msilisahau hilo. Basi tukagawanyika: wamama wanne na vijana wawili wakubwa wakapanda, wengine tukabaki na wadogo kuangalia ndege.

Tuliobaki tulifikiri tumepata sehemu ya maskini. Haikuwa hivyo. Parki hii ina aina za ndege zaidi ya 300, na wengine hawapatikani popote duniani ila katika milima hii na ya jirani. Tuliambiwa kuna chozi mdogo, mnyonya maua, mwenye jina la Mmarekani Rockefeller, anayeishi katika milima ya Congo peke yake. Hatukubahatika kumwona. Lakini tulimwona kulukulu wa mlimani. Alikuwa juu ya mti, kijani na buluu, ametulia. Aliporuka tu, mabawa yakafunguka mekundu kama moto. Watoto walipiga kelele wote pamoja. Kiongozi akawaeleza kwamba wekundu ule una shaba ndani yake, shaba ya kweli.

«Basi hata ndege wetu wana madini!» akasema mtoto mmoja wa kiume.

Mama aliyekaa karibu naye akamjibu: «Nyamaza, mwanangu. Wakisikia watakuja kumchimba.»

Tulicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha chenyewe.

Chini ya mawingu walikuwapo mbayuwayu wengi, wakikata hewa huku na huku. Tuliwaambia watoto kwamba wako safarini. Wanakula kwetu Afrika wakati Ulaya kuna baridi, na miezi hii ya Machi na Aprili wanarudi kaskazini kutaga mayai, huko ambako dubu wa kitabu anaamka sasa hivi. Wanavuka msitu, jangwa na bahari bila viza. Yule msichana wa ulizo la dubu aliwaangalia kwa muda mrefu. «Basi wao wanamwona,» akasema.

Tuliopanda tulitembea karibu saa mbili. Mbele walikuwa wapiga njia, wanaosoma jani lililovunjika kama sisi tunavyosoma barua. Mmoja wao alikuwa mzee, Mutwa, aliyezaliwa ndani ya msitu huo kabla haujawa parki. Inafaa tuliseme, kwa sababu vitabu vya masomo havilisemi: parki ilipowekwa, katika miaka ile ya 1970, Watwa waliokuwa wakiishi humo walitolewa bila kupewa mashamba, na mpaka leo jamaa zao wengi wanaishi pembeni kwa taabu. Mama mmoja kati yetu alimuuliza: «Baba, nyumba yenu ilikuwa wapi?» Mzee alionyesha kwa kidevu, upande wa bonde lenye ukungu. Hakuongeza neno. Akaendelea kutufungulia njia.

Jamaa tuliyoipata ni ya Bonane. Dume huyo alizaliwa siku ya kwanza ya mwaka 2003, siku yenyewe ya Bonane, ndipo jina likatoka. Mgongo wake una fedha, mpana kama mlango. Alitutazama mara moja, akaona hatuna maana, akarudi kwenye majani yake. Mdudu wa hofu aliyekuwa tumboni mwetu akatulia.

Lakini macho yetu wamama hayakukaa kwa dume. Yalikwenda kwa mama mmoja aliyeketi na mtoto kifuani. Mtoto alikuwa akinyonya, akachoka, akapanda kichwani kwa mama yake, akataka kwenda kushika mtambaa. Mama, bila hata kugeuka, akamvuta kwa mguu na kumrudisha. Mtoto akaenda tena. Akavutwa tena. Ndani ya maski zetu tulicheka kimyakimya, maana kila mmoja alijiona jikoni kwake. Kiongozi akatunong’oneza kwamba gorila anazaa mtoto mmoja, naye humnyonyesha miaka mitatu na zaidi, hivi kwamba uzazi mmoja na mwingine hutenganishwa na miaka kama minne. Mama aliyezaa sita alitikisa kichwa. Tukafahamu hesabu bila kuandikiwa ubaoni. Ukimuua jike mmoja, jamaa inakaa miaka mingi bila kujaza pengo lake.

Na wameuawa wengi. Gorila huyu wa nyanda za mashariki, ambaye wazee wengine wanamwita ngagi, anaishi katika nchi moja tu duniani, nayo ni yetu. Katika sehemu hii ya juu ya parki, waliohesabu mwaka 1990 walikuta karibu 250. Vita vilipopita, mwaka 2000, walibaki karibu 130. Tembo wa huku juu waliuawa karibu wote. Tangu hapo gorila wamelindwa na walinzi ambao wengine wamekufa kazini, na vitoto kama kile tulichokiona vinaonyesha kwamba ulinzi ule haukuwa bure. Tena mwaka 2016 gorila huyu aliwekwa katika daraja ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka. Baada ya daraja hiyo linabaki kaburi la dubu wa Atlas.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo wengine walituomba tusiiandike.

Tuliporudi, shofere alisimama pale Miti. Hatukumwambia asimame. Kila gari linalotoka huko husimama, kwa sababu makala ni rahisi kuliko mjini. Mifuko ilipangwa pembeni ya njia, imeshonwa majani juu. Siku nyingine tungeshuka mbio kubishana bei. Siku ile garini kukawa kimya. Kiongozi alikuwa ametuonyesha, asubuhi, mahali ambapo miti imekatwa ndani ya parki kwa ajili ya makala. Hakutulaumu. Alisema tu: «Inakwenda Bukavu.» Nani hapikii makala Bukavu?

Mama mmoja akasema tusinunue. Mama mwingine, mjane, anayepimia watu makala kwa kopo huko Kadutu, akamjibu kwa upole ambao ulituumiza kuliko ukali: «Mama, nimeona yule gorila na mtoto wake. Hata mimi niko na watoto. Nisipopeleka mfuko leo, kesho watakula nini?» Hakuna aliyepata jibu. Tulishusha macho. Mwishowe mifuko mitatu ilipanda juu ya gari, miwili yake na mmoja wa mama mwingine. Waliobaki hatukununua siku hiyo, lakini tusijisifu: Jumatatu tulinunua palepale kartieni, na hatukuuliza yametoka wapi.

Tunaandika haya kwa sababu tungewadanganya kama tungewaletea ndege mwenye mabawa mekundu tukaficha mfuko wa makala. Mbili hizo zilisafiri pamoja.

Katika mkutano uliofuata tulizungumza saa nyingi. Hatukutoa sheria ya kukataza, maana sheria inayomnyima mjane chakula haitashikwa, na isishikwe. Tulikubaliana mambo madogo matatu. La kwanza, kila mmoja apike juu ya mbabula yenye udongo ndani, inayoshika moto, na maharagi yalale ndani ya maji usiku mzima kabla ya kupikwa. Makala itakayobaki utaiona mwenyewe. La pili, zamu ya likelemba ya mwezi ujao apewe yule mama wa Kadutu, naye amekubali kujaribu kuuza briketi za maganda na takataka, ambazo tayari zinatengenezwa hapa mjini. Zikikataliwa na wateja, atarudia makala, na hatutamsema. La tatu, kila jamaa yenye kipande cha ardhi huko kijijini ipande miti ya kuni, ili wajukuu wapate cha kukata bila kuingia msituni.

Je, hayo yatawaokoa gorila? Peke yake, hapana. Kuna bunduki, kuna madini, kuna njaa, na kuna Watwa wanaongoja haki yao. Lakini jiko ni letu, na hapo hatuhitaji ruhusa ya mtu.

Turudi kwa waliouliza kwa nini twende kuangalia nyama. Kiswahili chetu cha hapa kina neno moja kwa mnyama wa pori na kwa kile kilicho ndani ya sufuria. Jioni ya safari, baba wa mtoto mmoja alimuuliza mwanawe kwa mzaha: «Basi mliona nyama kubwa, mmetuletea kipande?» Mtoto hakucheka. «Papa,» akasema, «ile haiko nyama ya kula. Iko na mama yake.» Mtoto yule hakupanda hata mlimani, alisimuliwa tu na wamama garini. Pesa ya sanduku ilirudi hapo.

Na ya darasani. Jumatatu ya kufungua masomo, kabla ya kufungua kitabu, tuliwaambia watoto wachore mnyama wa nyumbani kwao. Tulitegemea mbuzi na kuku, na walikuwapo. Lakini yule msichana wa ulizo la dubu alichora mlima wenye wingu juu, chini yake mama mweusi mkubwa anayemvuta mtoto kwa mguu, na pembeni mbayuwayu akiondoka. Tumeubandika ukutani, karibu na dirisha. Wamama mnaopita kuchukua watoto, ingieni muuone.