Wanao Wana Haki Nawe

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma hapa Tanga na kuurudia. Unasema ukipata nafasi mwezi huu utapanda basi hadi kwa wakwe zako, uwachukue watoto wote wawili uwalete nyumbani, kwa kuwa mahari uliitoa mbele ya wazee na mtoto ni wa baba yake. Tena unasema ukinyimwa, hutatuma hata senti ya matunzo. Mimi ni shangazi yako, damu moja na baba yako, na hakuna anayetamani kuliko mimi kuwaona wajukuu wale wanakulia kwetu. Kwa sababu hiyo hiyo nakuomba usipande basi hilo. Sikukatazi kuwadai watoto. Ninachokukataza ni kuwadai kama mtu anayedai mali yake, kwa maana sheria ya nchi hii iliacha zamani kumpa baba cheo cha mwenye mali, na mwanamume anayesimama mbele ya hakimu na dai la namna hiyo hujidhoofisha mwenyewe. Lipo dai jingine lenye uzito zaidi: kwamba watoto wale wana haki ya kuwa na baba, na wewe umekuja kuisimamia haki yao. Ukiliweka hivyo, hakimu hawezi kulipita bila kulijibu.

Nianze na mahari, kwa kuwa ndiyo unayoiegemea. Ni kweli kwamba mwaka 1963 serikali ilipoziandika sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, watoto wa ndoa walihesabiwa kuwa wa upande wa baba, na wazee wengi bado wanaongea kana kwamba mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 125, inamtaka hakimu atangulize ustawi wa mtoto, na baada ya hapo tu ndipo aangalie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na desturi za jamii ya wahusika. Mila haikufutwa, ila iliondolewa kwenye kiti cha mbele. Wala usidhani ni Waafrika tu tuliopitia safari hiyo. Sheria ya Uingereza, ambayo mkoloni alituletea, ilimpa baba kwa karne nyingi madaraka karibu yote juu ya watoto. Ilibidi mwandishi Caroline Norton, aliyetenganishwa na wanawe watatu, apige kelele hadi Bunge la huko likapitisha sheria ya 1839 iliyomruhusu mama kuomba kukaa na mtoto wa chini ya miaka 7. Nakueleza haya ili uone kwamba sheria inayokuudhi leo haikutungwa kuwaonea wanaume. Ilitungwa kurekebisha dhuluma waliyofanyiwa akina mama na watoto wao, na ukiisoma kwa moyo mtulivu utakuta haikumfukuza baba.

Hapo tunaifikia miaka 7, jambo ambalo watu wamelipotosha sana mitaani. Wanaambiana kwamba mtoto akitimiza miaka 7 basi ni wa baba, aende tu akamchukue. Hakuna sheria inayosema hivyo. Kifungu kile cha 125 kinasema ipo dhana kwamba ni heri kwa mtoto wa chini ya miaka 7 kukaa na mama yake, dhana ambayo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na hapo hapo kinamkumbusha hakimu ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamishahamisha. Kwa hiyo umri ule ukipita, kinachoondoka ni ile dhana tu, na wazazi wawili wanabaki wamesimama sawa mbele ya ustawi wa mtoto. Hata katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, mtoto akifika umri wa kupambanua, yaani kama miaka 7, huachiwa achague mzazi wa kukaa naye. Hakabidhiwi baba kama deni lililoiva. Sasa tazama hali yako. Mkubwa ana miaka 9, mdogo ana 5. Kwa mdogo una kazi ya kuivunja dhana, kwa mkubwa huna. Lakini usikimbilie kusema basi wagawanywe. Sheria ya Ndoa haimlazimishi hakimu kuwaweka watoto wote kwa mzazi mmoja, ila Sheria ya Mtoto ya 2009, katika kifungu cha 39, inamwambia kuwa ni vyema ndugu wasitenganishwe. Ukimng'ang'ania mkubwa peke yake, jiandae kueleza huyo mdogo atabaki kucheza na nani.

Sheria hiyo ya Mtoto ndiyo ninayotaka uisome, hasa kifungu cha 26. Kinataja mtoto ambaye wazazi wake wametengana, na kinampa mambo matatu: matunzo na elimu ya kiwango kile kile alichokuwa nacho kabla hawajaachana, kuishi na mzazi ambaye mahakama imeona ana uwezo wa kumlea kwa maslahi yake, na kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine kila anapotaka, isipokuwa pale itakapoharibu masomo yake. Mwenye haki hapo ni mtoto. Anayetaka kutembelea ni mtoto. Mama yake anapofunga mlango, anayefungiwa kwanza ni mwanawe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unasema vivyo hivyo, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 pia: mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuwasiliana na kuonana na wazazi wote wawili mara kwa mara. Tanzania imeiridhia yote miwili. Kisha kifungu cha 38 kinakufungulia wewe mlango wa kuomba mahakamani upangiwe nyakati za kuwaona. Ungeona tofauti kubwa kati ya kusema "nataka wanangu" na kusema "wanangu wana siku zao za kuwa na baba yao, naomba zipangwe". La kwanza linamfanya hakimu apime nani kati yenu ana nguvu. La pili linamlazimisha apime nini kitawapungukia watoto.

Utaniambia: shangazi, hayo ni maandishi, mahakama zinawapendelea wanawake. Sikatai kwamba kifungu cha 39 kinataja wazi umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake, na akina baba wengi hutoka mahakamani wakijiona wamehesabiwa kuwa mfuko wa fedha. Uchungu huo ni wa haki. Lakini kitazame kifungu chote. Kinamtaka hakimu azingatie umri na jinsia ya mtoto, maoni yake yakitolewa kwa hiari, na haja ya malezi yasiyokatikakatika. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha akina baba kimyakimya. Aliyekuwa akimwamsha mtoto, akimpeleka kliniki, akihudhuria vikao vya shule, ndiye anayeonekana kuwa mwendelezo wa maisha yake, na kwetu kazi hizo tumewaachia wanawake halafu tunashangaa mahakama ikiziheshimu. Baba aliyezifanya ana ushahidi. Baba ambaye hakuzifanya anaweza kuanza sasa. Na kila mwezi unaokaa mbali kwa hasira unampa mama yao hoja ambayo hata wakili hodari hatakuondolea.

Ndiyo maana hilo la kukata matunzo limenihuzunisha. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinamtaka mwanamume awatunze watoto wake, wawe kwake au kwa mtu mwingine. Hakisemi akiruhusiwa kuwaona. Matunzo si nauli ya kumfikia mtoto, na vivyo hivyo mama hana ruhusa ya kumfanya mtoto rehani mpaka deni lilipwe. Ni mambo mawili, na kila moja lina mlango wake mahakamani. Kama unaona mzigo ni mkubwa kuliko kipato chako, au kwamba mama yao naye ana mshahara, sema hivyo kwa utaratibu, maana Sheria ya Mtoto inaitaka mahakama ipime kipato na mali za wazazi wote wawili na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Ila mpaka amri itolewe, tuma unachoweza, tuma kwa simu ili ujumbe wa muamala ubaki, na usitume kwa maneno ya matusi. Ni watoto wanaokula ile fedha.

Na lile basi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria mikononi mwa anayekaa naye kihalali. Utasema hakuna amri bado, basi wewe na yeye mko sawa. Labda. Lakini utakuwa umemng'oa mkubwa shuleni katikati ya muhula na kumtenga mdogo na mama yake usiku mmoja, na hayo ndiyo atakayoyasoma hakimu kabla hajasoma jingine lolote. Hofu yako kwamba watoto wanajazwa maneno dhidi yako naielewa, na sheria inaijua hofu hiyo, ndiyo maana inasema maoni ya mtoto yatazamwe kama yametolewa bila kusukumwa. Mtoto anayekuona mara kwa mara ni vigumu kumdanganya juu yako. Ukiogopa atavushwa mpaka, Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kuzuia mtoto asitolewe nchini.

Kuna jambo moja lazima nikuulize, na sitaki jibu kwa simu. Kama katika ugomvi wenu uliwahi kumpiga mama yao, au watoto waliona, usilifiche na usiliite jambo la nyumbani. Hofu ya mama katika hali hiyo si ukaidi, na mahakama ina uwezo wa kuweka masharti ya jinsi utakavyoonana na watoto. Uyakubali masharti hayo bila kinyongo, hata kama ni kuonana nao mtu akiwepo. Amri ya namna hiyo si ya milele. Hali ikibadilika inaweza kurekebishwa.

Basi fanya hivi. Anza ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya wanakokaa watoto; omba mama yao aitwe mzungumze siku na likizo, na mkikubaliana muandike. Mkishindwa, peleka maombi Mahakama ya Watoto. Kama mnataka talaka, kwa kawaida shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, na bila hati yake kwamba usuluhishi umeshindikana mtarudishwa. Chukua vyeti vya kuzaliwa, risiti za ada, kadi za kliniki kama unazo. Omba jambo linalowezekana: wikiendi mbili kwa mwezi na nusu ya likizo, na simu jioni kabla hawajalala. Ukipewa wikiendi mbili, uende zote mbili, hata mvua inyeshe, hata mama yao akikupokea kwa uso mkavu. Mjomba wao ni mtu mwenye busara. Nitampigia mimi, maana wewe na yeye mkianza mtaishia kwenye mahari. Fedha ya mwezi huu itume kabla hujaenda ustawi, kisha uniambie siku uliyopangiwa, nije tukae pamoja.

Shangazi yako