Nilienda Muheza kujenga, nikarudi na hela yangu

Wikiendi iliyopita sikuonekana kijiweni, washikaji mkadhani nakimbia deni. Hamna kitu. Nilikuwa Muheza, mkoani Tanga, nimekwenda kumjengea mama.

Mama amepanga Mbagala tangu sijaanza darasa la kwanza. Mwaka huu akaniambia, "Mwanangu, nataka kuzeekea kwetu." Hapo utajibu nini? Nikadunduliza mpaka nikapata hela ya msingi, nikapanda basi la alfajiri. Chalinze nikala chipsi, Segera nikapitiwa na usingizi, Muheza nikashukia katikati ya mafungu ya machungwa. Bodaboda ikanipeleka upande wa Amani, vumbi mpaka kwenye kope.

Mjomba alikuwa ananisubiri na fundi, tena na majembe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kiwanja hiki hapa, mjomba."

Jamani, kiwanja! Mbele barabara ya mkoa, nyuma mto, katikati michungwa. Nikajiona nimeshakaa barazani na kahawa yangu.

Sasa kulikuwa na mzee jirani, kavaa baraghashia, anatafuna muwa. Akauliza, "Kijana, umepima kutoka barabarani?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ikaletwa kamba. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sebule ya mama iliangukia mita 19! Yaani siku watu wa barabara wakija na rangi nyekundu, ile alama ya X ingekaa ukutani kwa mama yangu. Na aliyeivamia hifadhi asitegemee fidia.

Basi turudi nyuma, nikasema. Mzee akanyoosha muwa kuelekea mtoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tukapima tena. Katikati kikabaki kipande chembamba, na ndipo ilipo michungwa ya mjomba, ile inayosomesha wanawe.

Kimya. Hata fundi akaweka jembe chini.

Mwishowe mjomba akasema, "Mama yako ni dada yangu, sitamnyima. Ila acha nivune kwanza."

Kesho yake tukaenda kwa mtendaji wa kijiji. Pale ndipo nilipojua kwamba neno la mjomba peke yake si kitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi. Unaandika barua, majirani wa mipakani wanashuhudia, kikao kinakaa, muhtasari unaandikwa. Ukimaliza unafuatilia hati ya hakimiliki ya kimila. Ulizia pia wilayani kama eneo lenu limeingizwa kwenye mipango miji, maana hapo utahitaji kibali cha ujenzi kabla hujachimba hata shimo la choo.

Umeme je? Nguzo zipo, lakini ng'ambo ya barabara. Ada ya kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, bei ya raba za mtumba. Kasheshe ni umbali: uliza mapema nguzo ya karibu ni ipi, kisha ndipo uamue nyumba iangalie wapi. Maji nayo bomba linaishia shuleni. Maombi ya kulivuta yanaanzia kwa chombo cha watumia maji pale kijijini, na juu yake wapo RUWASA wa wilaya. Mto upo, lakini simjengei mama nyumba ili arudie kubeba ndoo kichwani.

Kwa hiyo, we kijana mwenzangu unayetaka kutokea kijijini na lori la simenti kama sinema, tulia. Beba kwanza futi kamba na kalamu. Simenti ukiitanguliza itagandia stoo.

Nimerudi Mbagala na hela yote, toa nauli. Njia nzima nilikuwa naogopa uso wa mama. Nikamweleza yote: barabara, mto, barua, nguzo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Mjomba wako anavuna lini?"

Nikamwambia. Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole.