JUA NDANI YA SANDUKU LA KIOO

Na Mwandishi Wetu

Asubuhi ya Jumamosi moja ya Januari, kipimajoto cha London kikionyesha nyuzi 3 tu, nilisimama mbele ya jengo la matofali katika bustani ya wanyama iliyomo ndani ya Regent's Park. Mawe ya mlango wake yamechongwa sanamu za wanyama watambaao. Nilikuwa nimevaa makoti mawili, na bado meno yaligongana. Kando yangu alisimama kijana wa miaka 14, mtoto wa mwenyeji wangu, muuguzi mzaliwa wa Tanga ambaye amekaa Uingereza miaka mingi.

"Mjomba," kijana akaniambia, "chatu walikuwa wakiishi humu. Sasa wamehamishwa, lakini nilitaka uone mlango huu kwanza."

Nilidhani ni utoto tu. Baadaye nikatambua kwamba alikuwa na sababu.

Bustani hiyo ndiyo iliyojenga nyumba ya kwanza duniani ya kuwaonyesha watu nyoka, mijusi na jamaa zao, mwaka 1849. Jengo tulilolitazama ni la baadaye. Lilifunguliwa mwaka 1927, na aliyelibuni alikuwa mwanamke, Joan Procter, msimamizi wa wanyama hao katika bustani. Alizaliwa mwaka 1897, akawa mgonjwa karibu maisha yake yote, na akafariki mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 34 tu. Katika maisha hayo mafupi alifanya jambo ambalo wafugaji wa nyoka wangali wanalifuata hata leo: alitumia umeme kulipa kila sanduku la kioo joto lake lenyewe, kwa kadiri ya mahitaji ya mnyama aliyemo. Ukumbi wa watazamaji aliuacha na giza kidogo, masanduku akayatia mwanga, hata mtu akadhani anachungulia nchi za mbali kupitia dirishani.

Mwaka 2024 wanyama hao walipewa makao mapya katika bustani hiyo hiyo. Tulipoingia huko, nilivua koti la kwanza, kisha la pili. Kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege, nilijiona niko nyumbani.

KWA NINI NYOKA AWASHIWE MOTO?

Ndugu msomaji, sisi wakazi wa Dar es Salaam au Tanga tunaweza kulicheka jambo hili. Nani kwetu aliyepata kumhurumia nyoka kwa baridi? Lakini jambo lenyewe ni la maumbile. Binadamu, mbuzi na kuku hutengeneza joto mwilini mwao kutokana na chakula wanachokula. Nyoka hawezi. Yeye huliazima joto kutoka nje: kwa jua, kwa jiwe lililopigwa na jua, kwa udongo uliohifadhi joto la mchana. Akipata joto la kutosha, husogea kivulini. Akipoa, hurudi juani. Hivyo ndivyo anavyouendesha mwili wake, na ndiyo maana chakula kidogo humtosha kwa siku nyingi.

Mtie sasa nyoka huyo ndani ya sanduku la kioo katika nchi ya baridi. Jua umemnyang'anya, na njia ya kulifuata umemzibia. Asipopata joto, tumbo lake haliwezi kusaga chakula; atakitapika, au kitaoza ndani. Mapafu nayo hushikwa na maradhi. Kwa hiyo anayemweka nyoka ndani ya kioo amejitwika kazi ya jua, na kazi hiyo haina likizo.

Kijana wangu aliijua kazi hiyo vizuri. Chumbani mwake, katika ghorofa ya nne ya nyumba za kupanga, palikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa zaidi ya mita moja. Ndani yake aliishi chatu mdogo wa aina ya Afrika Magharibi, yule ambaye akiogopa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Alipewa na mwanafunzi mwenzake aliyehama mji.

Alinieleza mpango wake kama fundi anayemweleza mgeni mtambo. Upande mmoja wa tangi, chini ya kioo kwa nje, kuna mkeka mwembamba wa umeme. Hapo joto huwa nyuzi 31 au 32. Upande wa pili haukuwekwa kitu, nao hukaa kwenye nyuzi 25 hivi. "Lazima pawe na pande mbili, mjomba," alisema, "ili achague mwenyewe. Ukimpasha joto kote, hana pa kukimbilia." Kila upande una pango dogo la kujifichia. Mkeka umeunganishwa na themostati, kifaa kinachokata umeme joto likizidi na kuurudisha likipungua, kwa maana mkeka usio na kidhibiti huweza kumwunguza nyoka naye asiondoke mapema. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetumia taa ya joto huizungushia wavu ili nyoka asijisokote juu yake. Kioo hupoteza joto haraka, hivyo kuta tatu za tangi alizifunika kwa nje kwa lile povu gumu jeupe ambalo hufungiwa redio na majokofu.

Mama yake alisimama mlangoni wakati wote wa somo hilo. "Kaka," akaniambia, "nimekaa na kiumbe huyu miaka miwili na sijamgusa hata kwa ncha ya kidole. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

USIKU WA GIZA

Jumapili usiku, kiasi cha saa tatu, taa zilizimika. Nyumba ile hutumia mita ya kulipia kabla, kama LUKU yetu. Ufunguo mdogo wa plastiki hupelekwa dukani kujazwa fedha. Wiki ile mama alikuwa amelipa kodi ya nyumba, na hata ule mkopo mdogo wa dharura ulikuwa umekwisha. Mashine inayopasha nyumba joto hutumia gesi, lakini bila umeme nayo husimama.

Kijana hakulalamika giza wala baridi. Alikimbilia tangi. "Alikula juzi, mama. Akipoa atatapika. Na hashikwi akiwa na chakula tumboni."

Tulilifunika tangi kwa mablanketi. Jiko la gesi liliwashwa kwa kiberiti, maji yakachemshwa, chupa ya mpira ikajazwa, ikafungwa taulo na kuwekwa ndani upande wa joto. Kisha mimi na kijana tukatoka na ufunguo. Duka la kwanza lilikuwa limefungwa. La pili lilikuwa mwendo wa nusu saa, barabara ikiteleza kwa barafu. Njiani kijana alisema neno moja tu: "Mama hatathubutu kubadilisha chupa."

Tuliporudi tulimkuta mama amepiga magoti mbele ya tangi, tochi mkononi, mkono mwingine akiuvuta kutoka chini ya blanketi. "Ishirini na sita," alisema akisoma kipimajoto. "Nimebadilisha chupa mara mbili. Amenitazama, nami nimemtazama." Mkono ulikuwa ukimtetemeka.

Taa zilipowaka, nilimwuliza kwa nini alifanya hivyo. Akanijibu kwamba sheria ya nchi ile ya mwaka 2006 humtaka mwenye mnyama ampatie mazingira yanayomfaa, na mnyama wa mtoto aliye chini ya miaka 16 huhesabiwa kuwa mikononi mwa mlezi. Kisha akanyamaza kidogo. "Lakini si sheria, kaka. Mimi mwenyewe nilikubali aletwe. Hakuomba kuja huku kwenye baridi."

Nimerudi Dar es Salaam. Kila asubuhi, juu ya ukuta wa jirani, mjusi mmoja huja kuota jua, akishiba joto huteremka kivulini. Zamani nisingemtazama mara mbili.

Juzi kijana aliniandikia. Chatu hakutapika. Na siku hizi, asema, mama akipokea mshahara hujaza ufunguo wa umeme kwanza, ndipo aende sokoni.